Kabla ya nchi, uliza jimbo

Barua za toleo hili zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza jambo lile lile: nchi fulani ikoje, nihamie au nisihamie? Swali la namna hiyo halijibiki. Mei 2013, Mtwara ilipowaka kwa ajili ya bomba la gesi, maduka ya Arusha na Mwanza yalifunguliwa kama kawaida. Mgeni aliyekuwa amesoma kwamba Tanzania ni nchi ya amani hakudanganywa, ila taarifa hiyo haikumsaidia kitu akiwa Mtwara. Kwa hiyo majibu yetu yanataja majimbo na miji, na pale inapobidi tumeshuka mpaka kwenye aina ya nyumba utakayolala.

*Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Mtwara mjini. Jamaa zangu ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, wanasema kazi zipo Palma na Pemba ya huko, mwingine ananiita Nacala. Ni Mmakonde, kwa hiyo lugha si tatizo. Niende wapi?*

Fundi, tuanze na hiyo lugha, maana hapo umejihesabia mapema. Kimakonde kitakubeba Mueda na vijiji vya uwanda wa juu. Pwani ya Palma na Mocímboa da Praia Kiswahili kinapita, pamoja na Kimwani. Ukishuka Nampula na Nacala umeingia kwa Wamakua, na huko mtu wa Masasi anayesema Kimakua atakuwa na ahueni kuliko wewe. Lakini mkataba, maelekezo ya usalama kazini na askari wa barabarani, vyote ni Kireno. Fundi asiyeweza kutaja kipenyo cha bomba au unene wa bati kwa Kireno hulipwa kama kibarua, hata mkono wake uwe mzuri kiasi gani. Jifunze kwanza tarakimu, vipimo, majina ya vifaa na maneno ya hatari. Hayo yanaingia kichwani kwa miezi michache ukikazana.

Sasa usalama. Mashambulizi ya wanamgambo wa Cabo Delgado, jimbo zilimo Palma na Pemba, yalianza Oktoba 2017, Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 yalivuka mto hadi Kitaya, jambo ambalo mtu wa Mtwara hahitaji kusimuliwa. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma, na mwezi uliofuata mradi wa gesi wa Afungi, jirani na Palma, ukasimama. Tangu Julai 2021 wanajeshi wa Rwanda wapo na miji ile imetulia kuliko zamani, lakini hatari imebaki zaidi vijijini na njiani, kati ya mji na mji. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mshahara, uliza utafikaje na utalala wapi. Mwajiriwa anayelala ndani ya uzio wa mradi na kusafirishwa na kampuni yuko mbali sana na fundi wa mkandarasi mdogo anayepanga chumba mjini na kupanda gari la abiria. Wote wawili wataambiwa wanakwenda "kwenye gesi".

Pemba imepokea watu wengi waliokimbia vijiji vyao, kwa hiyo wanaotafuta vibarua ni wengi na bei ya kazi iko chini. Nacala ina bandari ya kina kirefu na reli inayopita Malawi hadi kwenye makaa ya mawe ya Moatize. Mabehewa, maghala na matangi ndiyo kazi ya mchomeleaji. Shida ya Nampula, jimbo ilimo Nacala, ni nyingine: upinzani una nguvu huko, na baada ya uchaguzi wa Oktoba 2024 maandamano na vizuizi vya barabarani vilisimamisha shughuli kwa siku nyingi, kama ilivyokuwa Maputo. Ukiishi huko weka akiba ya chakula na fedha taslimu ya wiki mbili, hasa majira ya uchaguzi. Vimbunga navyo vipo. Gombe ilipiga pwani ya Nampula Machi 2022, na Chido ikapiga kusini mwa Pemba Desemba 2024. Kwa hesabu yetu, Nacala ndiyo chaguo la fundi asiye na mkataba wa kampuni kubwa.

Karatasi usizichezee. Mtanzania anaingia Msumbiji bila viza kwa muda mfupi, lakini siku hizo ni za kutembea, si za kufanya kazi. Mwajiri ndiye anayeomba kibali cha kazi, kisha wewe unachukua kitambulisho cha ukaazi wa mgeni kiitwacho DIRE. Sheria inaweka ukomo wa idadi ya wageni katika kila kampuni, na hapo ndipo lilipo shina la maneno "anza kazi kwanza, karatasi tutatengeneza". Mara nyingi aliyekuambia hivyo nafasi yake ya wageni imejaa. Februari 2017 Watanzania wengi walifukuzwa Montepuez, kwenye machimbo ya rubi, na waliokuwa bila vibali hawakuwa na pa kushika. Vuka Kilambo au daraja la Mtambaswala, pasipoti igongwe muhuri pande zote mbili. Kumbuka pia kwamba saa ya Msumbiji iko nyuma ya yetu kwa saa moja.

*Binti yangu amepata nafasi ya kusoma kompyuta India, vyuo viwili: kimoja Vadodara, Gujarat, kingine Bengaluru. Ada inakaribiana. Sisi ni Waislamu na anavaa hijabu. Tuko Masasi. Je, kuna tofauti yoyote ya maana?*

Ipo kubwa, mama. Korosho ghafi za huku Kusini hupokelewa Kerala, Tamil Nadu na Karnataka, na hata wanunuzi wa majimbo hayo matatu hawaongei lugha moja nyumbani kwao. India ina majimbo 28, kila moja na serikali yake, polisi wake na sheria zake za chakula na vileo.

Gujarat imepiga marufuku pombe tangu lilipoundwa mwaka 1960, jambo ambalo mzazi anaweza kulipenda. Kuchinja ng'ombe ni kosa ambalo tangu 2017 adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Jimbo limetawaliwa na BJP, chama cha utaifa wa Kihindu, kwa miongo, na mpaka kati ya mitaa ya Wahindu na ya Waislamu ni wa wazi. Katika maeneo yaliyotangazwa rasmi, yakiwemo ya Vadodara, kuuziana nyumba kati ya watu wa dini tofauti kunahitaji kibali cha mkuu wa wilaya. Mwanafunzi hanunui nyumba, ila hali hiyo inamfikia kwa mlango wa nyuma: mwenye nyumba anakataa jina la Kiislamu, au anataka mpangaji asiyepika nyama kabisa. Machi 2024, wanafunzi wa kigeni waliokuwa wakiswali usiku wa Ramadhani katika hosteli ya chuo kikuu mjini Ahmedabad walivamiwa na kupigwa. Polisi walikamata watu, lakini binti yako ajue kwamba limewahi kutokea.

Bengaluru imezoea wageni zaidi, na Kiingereza kinatosha kwa shughuli nyingi, ingawa lugha ya jimbo ni Kikannada. Usiione kama peponi. Mwanzoni mwa 2016 mwanafunzi wa kike wa Kitanzania alishambuliwa huko na kundi la watu kwa ajali ambayo hakuhusika nayo. Karnataka ndiko pia lilikotoka katazo la hijabu la Februari 2022. Lile lilihusu shule na vyuo vya kabla ya chuo kikuu, na majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika Oktoba mwaka huo bila kulimaliza. Kwa hiyo usikubali jibu la wakala kwamba "hakuna shida". Mwandikie msajili wa chuo barua pepe, umuulize waziwazi: hijabu inaruhusiwa darasani, maabara na chumba cha mtihani? Hosteli ya wasichana inatoa chakula cha daku? Jibu la maandishi lichapishwe, aende nalo.

Sisi tungempeleka Bengaluru, kwa sharti la hosteli ya ndani ya chuo mwaka wa kwanza. Nje ya chuo wenye nyumba wa mji ule hudai amana ya miezi mitano hadi kumi, na mzazi aliyepanga bajeti ya mwezi mmoja mmoja hujikuta anatuma fedha mbio mbio. Viza inayozidi siku 180 humtaka ajisajili ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14 tangu kufika, na siku hizi inafanyika mtandaoni. Hosteli nayo lazima itoe taarifa zake. Wanaochelewa hugundua kosa siku wanayotaka kurudi likizo, wakidaiwa faini. Na viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi, kwa hiyo yule anayekuambia atajilipia ada hukohuko anakupotosha.

*Ni muuguzi mwenye stashahada, nipo Ndanda. Nimepewa hospitali mbili Ujerumani: mji mdogo wa Thuringia, au karibu na Stuttgart. Thuringia nyumba ni rahisi. Nasikia mashariki hawatupendi watu weusi. Ni kweli?*

Ndanda inawajua Wajerumani kwa Wabenediktini waliofika hapo mwaka 1906, lakini wodi ya Thuringia si abasia. Takwimu ni hizi: Septemba 2024 chama cha AfD, kinachotaka wahamiaji wapunguzwe sana, kiliongoza Thuringia kwa asilimia 32.8. Hakikuunda serikali. Februari 2025, kwenye uchaguzi wa nchi nzima, kilipata asilimia 20.8 na kuongoza majimbo yote matano ya mashariki.

Hilo linakugusa wapi? Si kwenye kibali cha kukaa, maana sheria ya uhamiaji ni ya nchi nzima. Jimbo lina mkono kwenye polisi, shule za watoto na utambuzi wa cheti chako cha uuguzi. Cheti kilichotambuliwa nusu hukudai kozi ya kuziba pengo au mtihani, na kasi ya ofisi hutofautiana jimbo kwa jimbo. Zaidi ya siasa, angalia ukubwa wa mji. Jena na Erfurt ni miji ya vyuo, ina wageni. Mji mdogo una basi la mwisho la jioni, na zamu yako inakwisha usiku. Kwenye usaili uliza hivi: mgonjwa akikataa kuhudumiwa na muuguzi mweusi, msimamizi wa wodi anafanya nini? Hospitali iliyokwisha kulifikiria itajibu papo hapo. Isiyowahi kulifikiria itacheka.

Mshahara pia haufuati jimbo tu. Hospitali za umma nyingi hufuata makubaliano ya mishahara ya sekta ya umma, kwa hiyo uliza kama yako imo. Karibu na Stuttgart kodi ya nyumba itakula tofauti yoyote utakayoiona, na wazee wa huko wana lafudhi itakayokufanya utilie shaka cheti chako cha Kijerumani cha B2. Huzoeleka.

Jambo ambalo mawakala hawalisemi: baada ya kuhamia nyumba unajiandikisha manispaa ndani ya wiki mbili, na fomu ina swali la dini. Ukijaza Mkatoliki au Mprotestanti utakatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 ya kodi ya mapato Baden-Württemberg (jimbo la Stuttgart) na Bavaria, asilimia 9 kwingine, Thuringia ikiwemo. Ni asilimia ya kodi, si ya mshahara: ukikatwa kodi ya euro 300, kanisa linachukua 24 au 27. Wengine hulipa kwa moyo mmoja, ila ulijue kabla ya kushika kalamu. Kwa wenzako wanaovaa hijabu, hospitali zinazoendeshwa na makanisa zinaweza kuweka masharti ya mavazi, kwa hiyo waulize kabla ya mkataba.

Tungechagua Stuttgart kwa mtu anayekwenda peke yake. Ila ukurasa wa kusoma mara tatu, kokote uendako, ni ule wa kurudisha gharama: ukiacha kazi kabla ya miaka miwili au mitatu unadaiwa kiasi gani, na je, deni linapungua kila mwezi au linabaki zima?

*Shikamooni. Wakala wa Dar ananiambia kazi za ndani zipo Muscat, Dubai na Riyadh, na popote ni sawa kwa kuwa ni kwa Waislamu wenzetu. Nauli analipa, nitakatwa mishahara mitatu ya mwanzo. Niko Kilwa Masoko.*

Marahaba, binti yetu. Si sawa, na dini haihusiki. Falme za Kiarabu zina sheria ya mwaka 2022 inayohusu wafanyakazi wa ndani peke yao: siku moja ya mapumziko kwa wiki, saa 12 za kupumzika kwa siku zikiwemo 8 mfululizo, likizo ya siku 30 kwa mwaka, na pasipoti inakaa kwako. Sheria hiyo pia inakataza wakala kumtoza mfanyakazi, kwa hiyo ile mishahara mitatu ukienda Dubai ni kosa kwa sheria ya huko huko. Oman ina faida kwamba utakutana na familia zinazosema Kiswahili, hasa wenye asili ya Zanzibar. Hilo linapunguza upweke, lakini haliongezi haki: sheria yake kuu ya kazi ya 2023 haiwagusi wafanyakazi wa ndani, wana kanuni zao.

Tofauti kubwa kuliko zote ni nyumba yenyewe. Omba jina kamili la mwajiri, mtaa, idadi ya watu na watoto, kama kuna mgonjwa wa kulea, na kama utakaa na simu yako. Wakala awe na leseni. Ulizia kwa kitengo cha serikali cha huduma za ajira au ofisi ya kazi kabla hujatoa hata picha ya pasipoti. Viza ya kutembelea "itakayobadilishwa ukifika" ikatae hapo hapo, maana aliyeingia nayo hana mkataba wa kumwonyesha balozi. Ubalozi wetu upo Muscat, Abu Dhabi na Riyadh, na ubalozi mdogo Dubai. Namba uziandike kwenye karatasi, si kwenye simu tu.

Halafu mazoea ya huku yasikuponze. Falme za Kiarabu, kumrekodi mtu bila ridhaa yake ni jinai, kwa hiyo video ya TikTok jikoni kwa bosi inaweza kukufikisha kituoni. Kuchangisha fedha hadharani bila kibali nako ni kosa. Ile michango ya harusi na misiba tunayotangaza mitandaoni, waachie walioko nyumbani waitangaze.

*Nataka kufungua duka dogo Durban, nina shemeji huko. Vipi usalama? – Mfanyabiashara, Lindi mjini*

Shemeji akikukaribisha kutembea, nenda, siku 90 huhitaji viza. Duka ni habari nyingine. Viza ya biashara ya Afrika Kusini inataka mtaji wa randi milioni 5, na duka la mtaani halifiki huko, kwa hiyo wageni wengi hufungua kwa jina la mwenyeji. Siku mkigombana, duka ni lake. Mashambulizi dhidi ya wageni ya 2008, 2015 na 2019 yaligusa zaidi Gauteng na KwaZulu-Natal, na maduka madogo ya vitongojini ndiyo yaliyovunjwa kwanza. Durban iko KwaZulu-Natal. Tangu Novemba 2024 maduka hayo yanatakiwa kusajiliwa upya manispaa, na mgeni asiye na karatasi hukwama dirishani. Kwa mtaji wa duka dogo, hatukushauri.

*Nipo nje mwaka wa sita na naweza kuomba uraia. Nina ekari nne za mikorosho Newala. Nikiuchukua, shamba linabaki langu?*

Usiombe kwanza. Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima: ukichukua wa nje kwa hiari, wa kwetu unakwisha, hata kama nchi uliyopo, kama Ujerumani tangu Juni 2024, haijali ukibaki na wa kwenu. Asiye raia hamiliki ardhi kama raia, na ardhi ya kijiji ndiyo ngumu zaidi. Hadhi maalum iliyowekewa sheria kwa diaspora inalegeza baadhi ya mambo, ila inaombwa, na hairudishi uraia. Mwone wakili wa ardhi kabla ya kujaza fomu ya huko, si baada. Kibali cha ukaazi wa kudumu kwa kawaida kinakupa kazi, matibabu na shule bila kugusa shamba, kwa hiyo linganisha hicho na uraia kwanza.

Wakati ukifikiri, shamba lisikae kwa maneno ya mdomo. Ukiacha mtu auze korosho kwa jina lake AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), malipo yataingia akaunti yake na pembejeo za salfa zitaandikwa kwake, na baada ya misimu michache daftari litamtambua yeye. Usajili wa mkulima ubaki kwa jina lako na akaunti iwe yako. Msimamizi mpe barua ya mamlaka yenye mipaka: kupulizia, kuokota, kupeleka ghalani. Nakala moja ikae kwa mtendaji wa kijiji, nyingine AMCOS.